Kila Ng'ombe na Anwani Yake

Programu niliyowaundia wafugaji wa kikundi cha mama yangu kule Mweiga ilikuwa ukurasa mmoja tu, na nilijivunia hilo kupita kiasi. Ukigusa jina la ng'ombe wako, ukurasa ulijibadilisha papo hapo bila kungoja mtandao. Tatizo ni kwamba anwani ilibaki ile ile. Hungeweza kumtumia mtu linki ya ng'ombe mmoja, na ukibonyeza kitufe cha kurudi, unatupwa nje kabisa. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke asiye na muda wa upuuzi, alinipa wiki moja: nirekebishe, au wao warudi kwenye daftari.

Nikajifungia chumbani kwangu mtaani Ruring'u nikampa kila ng'ombe anwani yake, ambayo programu ingeisoma yenyewe ndani ya simu. Nilijaribu siku nzima. Nafungua ukurasa wa mwanzo, naenda kwa ng'ombe, narudi, naenda tena. Ikakubali. Nikamwagiza mama kwamba ng'ombe wake akija joto, yaani akitaka dume, asipige simu; amtumie tu linki daktari wa kupandisha mbegu. Mwenyekiti akanisifu kikundini. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na langu lilikuwa na maji tayari.

Siku tatu baadaye ng'ombe wa mama alianza kulia alfajiri na kuwapanda wenzake. Mama akatuma linki, akakaa kungoja. Joto la ng'ombe halimngoji mtu. Likipita, ni wiki tatu nyingine. Jioni akanipigia kwa sauti tulivu, na sauti hiyo hunitisha kuliko kelele. Daktari alikuwa amefungua linki, simu ikamwambia ukurasa haupo, akadhani mama ameghairi, akaenda kwa mwingine.

Nilifika Mweiga asubuhi nikimlaumu daktari, simu yake na mtandao wa mlimani. Mama aliniuliza nilikuwa nimejaribu vipi hiyo kazi yangu. Nikamwonyesha: nafungua mwanzo, kisha naingia kwa ng'ombe.

"Ati unaanzia mwanzo," akasema. "Hapa nani huingia na mlango ya mbele?"

Ni kweli. Mlango wetu wa mbele hufunguliwa pasta akija, au wakwe. Sisi wengine na majirani wote tunapitia jikoni. Na wafugaji hawa hawakuwa na habari na ukurasa wangu wa mwanzo. Walitumiana linki na kuingia moja kwa moja kwa ng'ombe. Seva yangu, ile kompyuta inayotuma kurasa, ikiombwa anwani hiyo, ilitafuta faili ambayo haikuwepo, isiione, ikamfukuza mgeni. Ilipaswa kumpa kila anayebisha ule ukurasa mmoja, halafu programu ijisomee anwani yenyewe. Dawa ilikuwa mistari miwili tu ya maagizo kwa seva. Niliiandika nikiwa nimekalia kigoda cha kukamulia, nikijitukana kimoyomoyo.

Nilipofungua gumzo la kikundi kwenye simu niwatangazie, nikakuta mama ameandika tangu jana jioni. Alisema programu inafanya kazi vizuri, ila yeye ndiye aliyesoma dalili vibaya. Ng'ombe hakuwa na joto. Mama yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye tangu nizaliwe hajawahi kukosea joto la ng'ombe hata mara moja. Kwanza nilikasirika. Kisha nikaelewa amejisingizia kosa ili anikinge, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Wakati huo yeye alikuwa akimkatia ng'ombe majani, hata haniangalii.

Nikaandika kwamba ng'ombe alikuwa na joto, mama alikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu mimi niliyejifanya mtaalamu.

Mwenyekiti alijibu kabla sijaweka simu mfukoni.

"Tulijua. Mama yako hawezi kosea ng'ombe. Tulikuwa tunangoja tuone kama utasema."