Nilivyozuia tanuri la chokaa la shemeji kwa jiwe nililodhani ni ganda la mnyama wa kale

Wakuu, salamu kwenu. Kama humu yupo aliyenizidi umri, shikamoo.

Haya yalinitokea mwenyewe. Penye mashaka nitasema.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka wenyewe hausomeki, daftari langu lililowa. Nilikuwa nikichimba mawe ya chokaa kijiji cha Mwabungo huku pwani na shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitegemee sana.

Mwalimu mmoja wa Msambweni aliniazima kitabu chenye picha ya gliptodoni: mnyama wa kale wa Amerika ya Kusini, mkubwa kama gari dogo, mgongoni ganda la mfupa lenye nakshi za maua.

Siku moja nikachimbua jiwe la mviringo. Maua yaleyale!

Nikatangaza kijiji kizima kwamba nimempata babu wa kakakuona, yule mnyama wetu wa magamba.

Tatizo, Hamisi alikuwa ameshalipanga jiwe hilo kwenye tanuri, juu ya magogo. Chokaa ile ilikuwa ya kupaka nyumba ya mamake, kuta za udongo mtupu, na masika yalikuwa yanakaribia.

"Shemeji, hili ni tumbawe, kama yote tunayochoma."

"Wewe umesoma wapi?" Nilimjibu hivyo mbele ya watu. Naandika kama ilivyokuwa.

"Sikusoma. Lakini mvua haisubiri kitabu chako."

Hata hivyo alikubali tulishushe jiwe, akaacha kuwasha tanuri siku tatu hadi nimwite yule mwalimu. Haki yake niiseme.

Mwalimu akaja na baiskeli yake. Hakunicheka. "Ganda la mfupa lina nakshi juu tu. Vunja ukingo tuone ndani."

Nyundo niliishika mimi. Maua yaliteremka hadi chini, kama mianzi iliyofungwa pamoja.

"Ni kisukuku kweli, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe," akasema, "ila cha baharini. Tumbawe."

Akaongeza kwamba kakakuona si ukoo wa gliptodoni hata kidogo. Magamba yake ni kama kucha. Gliptodoni alivaa mfupa, na jamaa zake ni armadilo, wanyama wadogo wenye ganda wa hukohuko Amerika.

Nikamgeukia Hamisi mbele ya watu walewale. "Shemeji, nimekosea, na nilikutukana bure."

"Basi mbebe babu yako umrudishe juu ya kuni."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka.

Tukawasha siku hiyohiyo. Mvua ya kwanza ilikuta kuta nyeupe, na mama mkwe akalala pakavu. Mimi nasema zilikuwa wiki mbili baadaye, Hamisi anashikilia tatu.

Nilichojifunza: viumbe kufanana hakutoshi kuwafanya ndugu. Na madarasa yangu manne hayakunipa ruhusa ya kumdharau mtu aliyeshika matumbawe tangu utotoni.

Mnaojua visukuku, nirekebisheni nilipoteleza. Na wewe uliyewahi kubishia shemeji yako ukashindwa, tusimulie, nisibaki peke yangu.