Makapi ya Mpunga Yaliyokwenda Lubumbashi

Kilichonitoa Kindu ni makapi ya mpunga. Msinicheke. Wengine hupanda treni na mchele, mimi nilipanda na mifuko ya maganda yake. Dada yangu mdogo, Zaina, alikuwa amenitumia habari kwa msafiri: kijito cha bustani yake kule Lubumbashi kimeingia shaba ya machimboni, na lengalenga, mchicha wetu, zinaungua majani. Mume wake, mwalimu wa kemia, anasema makapi makavu yanaweza kuikamata shaba ile, lakini huko kwao wanalima mahindi, mpunga hakuna. Yasipofaa, bustani inafungwa. Na bustani ile ndiyo iliyolisha watoto kila mshahara wa mwalimu ulipochelewa. Ulichelewa sana.

Kabalo treni ikalala. Pale Kabalo niliwahi kuoa, ila hiyo si habari ya leo. Askari akachoma mfuko wangu kwa fimbo.

"Citoyen, iko nini mu mufuko?"

"Makapi ya mpunga."

"Na mpunga yenyewe iko wapi?"

"Tulikula."

Akaniacha nipite. Nadhani alinihurumia.

Lubumbashi tulifika asubuhi, katika baridi ya kiangazi cha huko, ambayo sisi watu wa Kindu hatuijui. Shemeji yangu alinipokea stesheni amevaa abacost yake, ile suti isiyo na tai ya miaka ya chama kimoja, vifungo mpaka shingoni. Akaitazama mifuko, akawaambia wapagazi, "Bengine, shemeki yao anabaletea kuku. Miye ananiletea takataka." Nikamjibu kwamba kuku hawezi kukamata shaba. Tukacheka mpaka mtaani kwao, Bel-Air.

Bustanini kazi yenyewe ni nyepesi. Tuliosha makapi, tukayaanika juani juu ya bati, tukayajaza katika pipa lililotobolewa chini, na changarawe chini ya makapi. Juu unamwaga maji ya kijito, chini yanadondoka taratibu. Kabla ya hapo mwalimu alisugua msumari kwa mchanga, akauchovya katika maji ya kijito. Tukaongea habari za nyumbani, nani kafa, nani kaoa. Alipoutoa, ulikuwa umevaa shaba, mwekundu kama kikuku cha bibi harusi. Msumari wa pili akauchovya katika maji yaliyopita kwenye makapi. Ukatoka na rangi yake ileile. Zaina akachota yale maji, akaenda kumwagilia.

Baada ya majuma machache lengalenga zikatoa majani mapya. Kwa furaha, Zaina akataka kunipikia kama alivyopika marehemu mama. Kwetu Maniema mnajua, makapi huchomwa, majivu yake huchujwa, na maji yale yakiingia katika mboga, mtu hulamba mpaka sahani. Makapi yaliyokwisha kutumika yalikuwa yamekauka nyuma ya jiko, rundo zima. Akayawasha. Mimi nikasogea kuota moto, nikaona ncha zake zina kijani. Nikawaza moyoni: mji huu hata moto umevaa rangi ya chama tawala. Wazo la namna hiyo, miaka ile, mtu alibaki nalo moyoni.

Mwalimu alipoingia, majivu yalikuwa yamekwisha kuchujwa na maji yake yamo chunguni, lakini moto ulikuwa bado unawaka kijani. Alikiepua chungu, akakiweka chini.

"Batoto bamekula?"

"Bado," Zaina akasema.

Akaketi mavumbini na abacost yake.

"Ulisema makapi inaikamata ile sumu," Zaina akasema.

"Inaikamata tu. Shaba yenyewe iko mule mule, ndiyo inatia moto kijani. Na ukichoma, inabakia mu majivu."

"Na hukuniambia."

"Hata miye sikuwaza."

Siku hiyo tulikula bukari, ugali wa kule, kwa chumvi. Watoto walinung'unika. Zaina aliosha chungu mara mbili, mara ya tatu akakivunja. Kisha akatuambia, "Kama haya makapi hayana pa kulala, bustani nafunga. Siwezi kuponyesha lengalenga nikaua mutoto."

Kesho yake tulijaza makapi yale na majivu katika pipa lenye kifuniko, tukalisukuma kwa mkokoteni hadi lango la machimbo. Zaina mbele, sisi wanaume nyuma tunatoka jasho. Mlinzi akauliza tunaleta nini.

"Ni shaba yenu, papa. Ilikuja kututembelea. Tunairudisha kwao."

Mlinzi alicheka mpaka akaivua kofia. Akatuonyesha kilima cha takataka za machimbo. "Mumwange kule. Ni kwa bandugu yake."

Tulipokwisha kumwaga, mwalimu, ambaye hawezi kuacha kufundisha, akasema mvua ikinyesha itaishusha tena mpaka kijitoni.

"Basi tutairudisha tena," Zaina akasema, akageuza mkokoteni. Bustani haikufungwa.

Nimerudi Kindu, na kina mama wa mtaa wananiuliza kama kweli makapi husafisha maji. Nawajibu ndiyo, nimeuona msumari kwa macho yangu. Halafu nawauliza: yakisha kushiba sumu, utayapeleka wapi? Asiye na jibu namwambia alitafute kwanza, ndipo atoboe pipa.