Jumapili Tuliyosubiri Mto

Juzi nilikuwa Kihurio na wanangu wawili. Tulikuwa tumetoka kutembea hifadhi ya Mkomazi, gari limejaa vumbi na watoto wamejaa hadithi za twiga, tukasimama kwa fundi wa pancha kujaza upepo. Kwenye ukuta wa kibanda chake alikuwa ametundika tyubu ya trekta, nyeusi, kubwa, imejazwa upepo mpaka inang'aa. Jua lilikuwa limeichoma sawasawa. Harufu ile ya mpira wa moto iliponifikia puani, rafiki yangu, nilisahau kilichonishusha garini. Nilisimama pale nacheka peke yangu mpaka fundi akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?"

Hakukuwa na tatizo. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, nimekaa juu ya tyubu kama ile, na mbele yangu amekaa bibi yangu mzaa baba, kitenge amekikaza kiunoni, anapiga kelele kumwelekeza baba pa kupita.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Sisi tulikulia juu milimani, Upare wa kusini, kwenye ukungu na migomba na tangawizi. Nyumba ilikuwa ya bibi. Asubuhi kabla ya shule tulichota maji, tukakata majani ya ng'ombe, tukanywa chai yenye tangawizi ya kumpigisha mgeni chafya. Jioni makande. Ukiyalalamikia makande, bibi anakuuliza hoteli yako inafunguliwa saa ngapi. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa baba. Yeye alikuwa fundi wa matrekta huko chini Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga, na tulimwona mwisho wa mwezi tu, akifika amechoka na mlima, mikono inanuka dizeli. Jumapili jioni anashuka. Mimi nilimsindikiza mpaka kona ya mwisho, halafu nikarudi nyumbani nimemkasirikia kila mtu, pamoja na ng'ombe.

Kwa miaka mitatu baba alimwomba bibi aturuhusu tuhamie kwake. Mama alitaka sana, ila hakuwa mtu wa kumwacha mkwewe bila baraka zake. Bibi alikuwa na jibu lile lile: kule chini kuna joto na mbu, na mtu hana cha kufanya ila kutokwa jasho. Mwishowe, alipochoka kuombwa, akasema, "Nitashuka nione mwenyewe. Siku mbili. Pakinipendeza, wachukue. Pasiponipendeza, usiniulize tena mpaka nife."

Baba alikubali kabla bibi hajafunga mdomo. Kosa lake ni kwamba hakuuliza kanisani kwetu kuna nini. Jumapili aliyoichagua ilikuwa Jumapili ya mavuno, na bibi hakuwahi kukosa mavuno tangu abatizwe. Kama hujawahi kuyaona, siku hiyo kila mtu anapeleka kanisani sehemu ya alichovuna au kufuga, na ibada ikiisha kila kitu kinanadiwa nje: mikungu ya ndizi, mayai, miwa, mbuzi. Watu wanacheka, wanashindana, wanasahau hata njaa. Bibi alimwachia jirani jogoo wake mwekundu ampeleke kwa niaba yake, akapanda gari amenuna. Njia nzima alitusimulia sifa za jogoo yule, na kila sifa ilikuwa inamlenga baba.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya wanyama. Baba alikuwa na rafiki yake dereva aliyepeleka vifaa kwa askari wanyamapori wa Mkomazi, wakati huo ikiitwa pori la akiba, naye alituombea kibali. Tukapanda nyuma ya pikapu, bibi amewekewa kiti cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Baba alitwambia tutaona tembo, twiga, pundamilia, na kama Mungu akijalia, simba. Tulizunguka mpaka alasiri. Tuliona ngiri mmoja akikimbia na mkia juu, na mafungu ya mavi ya tembo. Dereva alisimama kwenye kila fungu na kutueleza kwamba tembo amepita hapa muda si mrefu.

"Tumesafiri kote huku," alisema bibi, "kuja kuangalia mavi."

Kaka yangu alicheka, mama akamfinya. Mimi sikucheka. Nilimwona baba akiukaza uso, nikajua siku ya kwanza imekwenda na tumebaki na moja. Kitu pekee alichokitazama bibi kwa raha siku ile kilikuwa nyuma yetu: milima yetu wenyewe, imesimama mirefu na ya buluu juu ya vumbi. Hakuwahi kuiona kwa mbali namna ile. "Kumbe tunakaa juu hivyo," alisema taratibu. Nikaona hilo nalo limeharibu mambo zaidi.

Usiku mbu walifanya kazi yao. Asubuhi bibi alihesabu alama mkononi mwake.

Basi ikabaki Jumapili, na kwenye Jumapili hiyo baba alikuwa ameweka roho yake yote. Kwa wiki nyingi, bila kutwambia, alikuwa akitengeneza chelezo. Alichukua tyubu nne za trekta, akaziziba viraka, akazifunga chini ya mianzi minene kwa kamba za katani, na juu akapigilia mbao za kukalia. Mpango ulikuwa tupande pale mto unapotoka mlimani, tuteremke na maji ya kasi juu ya mawe, mpaka darajani. Alikuwa ameujaribu mara mbili na mafundi wenzake, kila mara siku ya Jumapili.

Jumapili ilikuwa na maana yake. Kule kwetu juu tulikuwa na ndiva, lile bwawa la udongo ambalo Wapare wamelichimba tangu enzi za mababu kukusanyia maji ya kumwagilia. Siku za kazi mfereji wa ndiva ulichukua maji mengi ya mto, na watu wa chini walipata kinachobaki. Jumapili hakuna aliyemwagilia. Mzee mgawa maji akitoka ibadani anaenda kuufunga mfereji, na mto wote unateremka kwa watu wa tambarare. Baba alijua kwamba kila Jumapili, saa saba hivi, maji yanafika yamejaa.

Tulikwenda baada ya ibada ya asubuhi, chelezo juu ya trela la trekta. Habari zilikuwa zimeenea, kwa hiyo ukingo ulijaa watu. Alikuwepo mama wa Kiislamu, jirani yake baba, na beseni lake la vitumbua vya mchele mpya. Nikifumba macho hata leo nausikia utamu wa iliki ile. Mafundi walikuwepo, watoto walikuwepo, wachungaji wa mifugo walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, wameegemea fimbo. Na mto ulikuwa mawe. Mawe makavu, meupe, na kijito katikati ambacho kuku angekivuka bila kulowa goti.

Saa saba ikafika. Ikafika saa saba na nusu. Saa nane. Baba alitembea kwenda na kurudi, akitazama juu kana kwamba mtu amechelewa kwenye miadi. Utani ukaanza. "Fundi, kiwekee magurudumu!" Mwingine akasema, "Kimwagie ndoo kikaanze safari!" Walikuwa marafiki zake na hawakuwa na nia mbaya. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe kivulini, kitumbua mkononi, ametulia tuli. Mimi niliomba kimya kimya, kwa maneno ambayo mchungaji wetu asingeyapenda.

Ndipo baba alipopiga magoti kando ya chelezo na kuanza kufungua kamba. Alifungua fundo la kwanza. Akamwambia mama bila kumtazama, "Basi. Kesho nitawarudisha nyumbani." Alianza fundo la pili.

"Acha hiyo kamba," alisema bibi.

Watu wakageuka. Bibi alipangusa mafuta ya kitumbua kwenye kona ya kitenge chake, polepole, kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa.

"Leo kule juu ni mavuno. Mgawa maji ni nani?"

Baba akamtaja yule mzee.

"Na anayenadi ni nani?"

Baba akaiachia kamba. Mnadi alikuwa mzee yule yule. Kanisa zima halikuwa na mtu mwingine mwenye koo la kunadi kuanzia mkungu wa kwanza hadi yai la mwisho.

"Sasa unadhani ataacha mnada akafunge mfereji, na jogoo wangu hajapata mwenyewe? Jogoo huwa wanawekwa mwisho. Mtu akitoka pale kanisani na kikapu kichwani anafika hapa saa kumi. Maji hayana kikapu. Ngojeni saa tisa."

Baba aliyafunga yale mafundo upya, akakaza kila kamba mara mbili. Mama wa vitumbua alimwaga vitumbua vyote kwenye sinia na kusema, "Karibuni, mama amesema saa tisa." Tukala, tukangoja.

Kwanza tulisikia ndege wakinyamaza. Kisha ikaja sauti ya mbali, nzito, kutoka kwenye bonde. Halafu tukayaona maji, ya kahawia, yamebeba majani na povu na ganda la mua, yakizunguka jiwe moja, yakiruka jingine, na nyuma yake maji zaidi, na zaidi, mpaka mawe yote yakapotea. Ukingo mzima ulipiga kelele. Mimi nililia, na sikuona haya.

Baba akatupanga: mama na kaka nyuma, mimi katikati, yeye pembeni na mti mrefu wa kusukumia. Bibi akavua viatu, akampa mama wa vitumbua amshikie, akaja kukaa mbele.

"Mama, wewe ungetungoja darajani," alisema baba.

"Mimi ndiye niliyeyajulia saa yake," alisema bibi. "Nakaa mbele."

Sijui nikusimulieje yaliyofuata, kwa sababu yalikwenda kasi kuliko maneno. Mto ulitunyakua. Chelezo kilishuka kwenye maporomoko ya kwanza, tumbo langu likabaki juu. Maji yalitupiga usoni. Mama alianza wimbo wa kanisani na hakufika mstari wa pili. Kwenye maporomoko ya pili kaka alirushwa, akaning'inia kwenye kamba, mama akamvuta kwa ukosi wa shati huku anamgombeza. Na mbele yetu bibi, maji yakimtiririka kichwani, mkono mmoja kwenye mwanzi na mwingine hewani, "Kushoto, mwanangu! Kushoto! Sasa kulia!" Baba alitii kila neno. Watoto walikimbia kando ya mto wakitushangilia. Nilimtazama baba nikamwona anacheka mdomo wazi, na sikuwahi kumwona akicheka hivyo milimani.

Tulipita chini ya daraja saa kumi kasoro, wote watano, tukiwa tumelowa, hakuna aliyepotea. Watu walitupigia makofi kana kwamba tumeuleta mto sisi. Wale wa magurudumu na ndoo walikuwa wa kwanza kuingia majini kutuvuta.

Bibi alisimama ukingoni akikamua kitenge chake. Alikamua upande mmoja, akakamua mwingine. Kisha, bila kunyanyua uso, akamwambia baba, "Wachukue."

Tulihama likizo ilipoanza. Siku ya kuondoka bibi alinifungia tangawizi kwenye kanga na kuniambia kwamba kila Jumapili akitoka kanisani atatumbukiza chungwa mtoni. Basi kila Jumapili mchana nilisimama darajani. Machungwa mengi huanguka mtoni kutoka mashamba mengi, na sikujua lipi ni lake, kwa hiyo nililiamkia kila moja. "Shikamoo, bibi!" Wapita njia walinizoea.

Nilipokuwa sekondari nilipanda kumtembelea, nikamuuliza swali lililonikaa muda mrefu. Alikuwa akimenya ndizi, amepungua, nyumba kubwa imemzunguka yeye na paka. Nilimwambia, "Bibi, siku ile ulijua kwa nini maji hayaji. Ungenyamaza tu, tungerudi kukaa na wewe. Kwa nini ulisema?"

Alitia ndizi sufuriani.

"Nilitaka kunyamaza," alisema. "Nilinyamaza tangu saa saba. Halafu nikamwona mwanangu anafungua kamba."

Leo bibi hayupo, na mzee mnadi hayupo. Mfereji umewekwa mabomba, hakuna tena anayeufunga akitoka ibadani, na matrekta mapya mengi hayatumii tyubu. Ile ya kwenye ukuta niliinunua. Wanangu waliponiuliza tutaelea nayo wapi, niliwapeleka darajani. Ilikuwa Jumapili. Chini kulikuwa na mawe, na maji ya kulowesha kisigino. Walitaka tuondoke.

"Ngojeni saa tisa," niliwaambia.

Saa tisa ilifika na mto haukuja. Nilijua hautakuja. Tulikaa hata hivyo juu ya ukuta wa daraja, tukala vitumbua na machungwa, nikawasimulia yote haya tangu jogoo mpaka kamba. Nilipomaliza, yule mdogo alichukua chungwa lake la mwisho, akashuka kwenye mawe, akaliweka kwenye kijito. Lilikwama, akalisukuma kwa kidole. Lilikwama tena, akalisukuma tena, mpaka likapata njia na kwenda.