Jina la Mkwe

Kwetu Kurui jina la mama mkwe halitamkwi. La mkwe wangu limetokana na jina la siku, basi hata siku yenyewe niliiita kesho ya Alhamisi, na nyumbani wote walinielewa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uuguzi, Kibaha. Mume wangu aliniruhusu kusoma kwa sharti moja: nikifeli narudi shamba, hakuna kurudia. Sharti hilo alilitunga mama yake. Siku ya mtihani wa vitendo tuliokota vikaratasi vya kura ya vitanda vya wagonjwa, na kwenye kitanda changu nikamkuta yeye, amelazwa kwa presha tangu jana yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza mkufunzi kwamba huyu ni mkwe wangu. Akasema, "Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Endelea au ondoka."

Kabla ya kumpa mtu dawa, nesi humwuliza majina yake yote. Asipojibu, unamwita kwa majina yaliyo kwenye faili. Ukiruka hapo umefeli, hata mengine uyafanye kama malaika.

"Mama, naomba unitajie majina yako kamili."

Akanitazama, akafumba midomo. Nikarudia, nikambembeleza. Akageukia ukutani. Hakuwa bubu, asubuhi hiyo wodi nzima ilimsikia akiutukana uji.

"Mwite," akasema mkufunzi.

Ulimi ulikataa. Wengine mdomo huwaponza, mimi kilichoniponza ni kimya. Nikampa vidonge bila jina. Akavimeza vizuri tu, tena akaomba maji zaidi. Mkufunzi hakungoja hata nirudishe trei.

Sasa natwanga kisamvu Kurui. Juzi walikuja wageni kumposa wifi yangu, na mkwe akanionyesha kwa kidole.

"Siku hizi mtampata wapi mkwe mwenye adabu kama huyu? Aliona heri afeli shule kuliko kunitaja jina!"

Wageni wakanisifu. Namchukia yule mwanamke, sifichi.

Nikauweka mchi chini. Nikayatamka majina yake yote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti niliyofundishwa wodini.

"Abee," akaitika, hapo hapo.