Tiketi ya Mwanangu ni ya Kwenda Tu

Admin, ufiche jina langu, lakini mji uache kama ulivyo. Wenye habari hii wakisoma watajijua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Kondele na mume wangu na binti yetu wa pekee. Hapa nitamwita Atieno, ana miaka saba. Nimeajiriwa kwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege hapa Kisumu. Kwetu ni Sondu, kwa mume wangu ni Bondo. Mambo ya nyumba yangu sijawahi kuyaanika popote, na hata leo nisingeandika kama si woga.

Mume wangu ana dada yake mkubwa, wifi yangu, anayeishi Uingereza. Ameolewa miaka mingi na hajajaliwa mtoto. Desemba alikuja nyumbani, akampenda Atieno, wakawa hawaachani. Kabla ya kuondoka alisema mtoto aende kumtembelea likizo ya Agosti, wiki tatu tu, asindikizwe na rafiki yake anayerudi huko. Tiketi angeitoa kwa pointi zake za ndege, zile mtu anazokusanya kila akisafiri. Nilifurahi, sitadanganya. Hata kazini nilitamba.

Juzi mume wangu alinitumia tiketi nimchapishie. Niliiangalia jinsi ninavyoangalia za wateja. Ilikuwa ya kwenda tu.

Wacha niwaeleze, kwa sababu ndugu zangu nao hawakunielewa. Wengi hudhani watu wa viti vya kawaida wote wamenunua kitu kimoja. Sivyo. Kila tiketi ina herufi yake. Kuna herufi za bei ya juu: unabadilisha tarehe ukitaka, na pointi za safari unapata zote. Kuna za ofa: tarehe haibadiliki, pesa hairudi, na pointi unapewa kiduchu au hupewi kabisa, hata kama umekaa safu moja na yule mwingine na mmekula kuku yule yule. Halafu kuna herufi ya tiketi iliyokatwa kwa pointi. Hiyo ndiyo ya Atieno, na haiongezi pointi hata moja.

Nilimuuliza mume wangu ya kurudi iko wapi.

"Si amesema pointi zikijaa tena ataikata? Mama Atieno, wewe na hiyo kazi yako, kila kitu unaona makosa."

Hapo ndipo woga uliponishika sawasawa. Wifi alipokuwa hapa Desemba alinilalamikia kwamba anasafiri kila mara na pointi zimekwama. Nikaziangalia tiketi zake, zote ni za ofa ya chini kabisa. Pointi alizokuwa nazo zilitoka kwenye kazi yake ya zamani, mwajiri alipokuwa akimkatia tiketi za juu, na kazi hiyo aliacha. Nilimweleza yote haya sebuleni kwangu, pole pole, na alielewa vizuri tu. Sasa amemaliza pointi zote kwa safari hii moja. Anajua haziwezi kujaa tena kabla Atieno hajawa msichana mkubwa, na anajua kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Tangu siku hiyo kila kitu nakiona kwa jicho lingine. Wifi ameomba cheti cha kuzaliwa, kile chenyewe, si kopi. Ameomba kitabu cha kliniki cha chanjo na ripoti zote za shule. Mtoto wa kutembea wiki tatu, ripoti za shule ni za nini? Viza walishughulikia wifi na mume wangu, na pasipoti ya mwanangu sijaonyeshwa mpaka leo. Nikiuliza, mume wangu anatoka nje kupiga simu.

Jumapili mama mkwe alikuja kutoka Bondo. Hakupandisha sauti. Alikunywa chai yake akamaliza, ndipo akaniita binti wa Sondu kwa Kijaluo, akaniambia, "Nyar Sondu, nyathi, huyu mtoto, ni wa dala, wa boma lote, hapana wa mtu mmoja. Waya yake, shangazi yake, hana mtoto. Wewe bado kijana, utazaa ingine. Na kama umekataa, ng'ombe za mahari zilienda kwenu, rudi Sondu ukae nazo. Mtoto atabaki." Mume wangu alikuwa ameketi pale pale akiangalia miguu yake.

Najua desturi. Hata mimi nililelewa na shangazi yangu asiye na mtoto. Lakini yeye alikaa ng'ambo ya mto tu, nikimkumbuka mama navuka nakula kwetu jioni. Huyu wangu atavuka wapi?

Na wifi si mtu mbaya. Najua Atieno atavaa vizuri na atasoma vizuri. Labda hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu nikilia watu wananiona mjinga asiyejua bahati.

Jumatatu tunatakiwa kwa wakili niweke sahihi kwamba nimekubali mtoto asafiri. Mume wangu amesema niweke kwa amani, kwa sababu wakili ni mtu wao na karatasi itapita hata bila mimi. Sijui kama anaweza au ananitisha.

Jana nilikuwa namsuka Atieno nywele. Akaniambia, "Mama, Waya amesema kwa simu, nikifika kwake nimuite Mama. Sasa wewe nitakuita nani?"

Niliendelea kusuka. Jamani mnaosoma hapa, nishaurini. Nikiweka sahihi nimempoteza, nikikataa nafukuzwa na yeye anabaki mikononi mwao. Nifanye nini kabla ya Jumatatu?