Ukoo wa Skrini Nyeusi

Kazini walimwita Skrini Nyeusi, na jina hilo alilipokea kwa maringo. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika bohari ya dawa ya hospitali, chumba cha nyuma kinachopakana na choo, na katika muda wote huo hakuna aliyeona kwenye kompyuta yake picha, rangi wala kitu cha kubofya. Maandishi meupe juu ya weusi, basi. Mfumo endeshi wake ulikuwa ule wa bure, unaotengenezwa na watu wa kujitolea, na aliushabikia kama wengine wanavyoshabikia timu ya mpira: ikishinda ni hodari, ikishindwa mwamuzi kahongwa. Waliotumia kompyuta za kampuni kubwa aliwaita wapangaji.

"Umenunua nyumba," alimwambia karani mmoja, "halafu funguo anakaa nazo aliyekuuzia."

Lugha yake ya programu nayo ilikuwa ya zamani, ya kumkomesha mvivu. Ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine unaiomba mwenyewe, na ukimaliza unairudisha mwenyewe. Ukisahau kuirudisha, mashine inajaa, inazubaa, mwishowe inakata roho. Lugha mpya, zile zinazojifagia zenyewe, hakutaka hata kuzisikia. Alisema ni za watoto wanaookotewa vyombo na mama zao.

Kwa lugha hiyo aliandika peke yake programu iliyoendesha bohari nzima: dawa gani imeingia, ipi inakaribia kuharibika, wodi ipi imechukua nini. Hakuandika mstari hata mmoja wa maelezo, kwani fundi hodari, kwa maneno yake, husoma kazi yenyewe. Tena kila sehemu ya programu aliipa jina la jamaa yake. Iliyofuatilia dawa ambazo wodi hazijarudisha iliitwa Shangazi, kwa sababu dada yake, shangazi wa binti yake, hakusahau sufuria lake hata likae kwako miaka mitatu. Iliyoondoa dawa zilizopita muda iliitwa Bibi, kwa sababu mama yake mzazi hakuwahi kula kiporo. Wenzake walicheka, naye akacheka, na ukoo mzima ukaingia kwenye mashine bila kuandikwa popote nani ni nani.

Binti yake wa pekee alifuata kazi ya baba. Alifundishwa ile lugha ngumu tangu ana miaka kumi, akiwa amekalishwa juu ya mito miwili ili aifikie kibodi. Lakini alipoajiriwa alirudi nyumbani na laptopu nyembamba ya kampuni ambayo baba hakutaka hata kuitaja, akawa anaandika kwa lugha mojawapo ya zile zinazojifagia. Baba aliikuta mezani, akaifunika gubigubi kwa kitambaa cha meza kama mtu anayesitiri maiti.

"Humu ndani hiyo haiwashwi."

"Baba, ni chombo tu."

"Chombo ni kijiko. Hiyo umebadili dini."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hakuna aliyekubali kushuka, mama akaongea mpaka akachoka, na binti akafungasha. Kwa miaka sita salamu zao zilipitia kwa mama. Miaka sita, kwa sababu ya kompyuta. Unatamani uwachape wote wawili.

Kisha baba akaanza kusahau. Mwanzoni alitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake, watu wakacheka. Baadaye akakaa asubuhi nzima mbele ya ile skrini bila kubonyeza kitu, na hapo kicheko kikaisha. Daktari alisema ugonjwa wa namna hiyo haurudi nyuma, hutembea mbele tu, ila kasi yake ndiyo hutofautiana.

Mkuu wa bohari akampigia binti simu. "Hapa hakuna mwingine anayeijua lugha ile. Kaa naye, binti yangu. Yeye aeleze kila sehemu inafanya nini, wewe uandike. Mwisho wa mwezi tunahamia mfumo mpya, na ambacho hakijaelezwa kitaachwa."

Binti akaomba likizo. Mambo ya bohari aliyajali, lakini yaliyompeleka hasa hayakuwa hayo. Alitaka baba, kabla hajapotea kabisa, atamke kwamba yale yamekwisha. Neno moja lingetosha. Laptopu yake aliiacha nyumbani kwake kwa adabu, akaja na daftari na kalamu.

Siku ya kwanza baba alimtazama, akasema, "Umekonda," akavuta kiti cha pili. Binti alilichukua neno hilo kama mwanzo. Alijiambia aliyesusa kavuta kiti, na radhi itakuja, haraka ya nini. Wiki ile walizungumza habari za Shangazi na Bibi, wakacheka mpaka karani akachungulia. Angeuliza siku ile ile kama yale yamekwisha. Hakuuliza, na hilo atajilaumu nalo maisha yake yote.

Wiki ya pili baba aliuliza Shangazi ni nani. Wiki ya tatu wakafika kwenye sehemu iitwayo Kifaranga.

Binti aliisoma mara mbili. Kila jioni, kabla programu haijajifunga, sehemu hiyo ilizunguka majedwali yote moja moja kukagua kama yamefungwa sawasawa, kisha ikazunguka tena. Alipokuwa na miaka minne yeye mwenyewe hakukubali kulala mpaka azunguke nyumba kukagua milango, mara mbili, na baba nyuma yake akimwita kwa jina hilo. Muda wote wa ugomvi wao alikuwa humo ndani anakagua milango, wala hakujua. Akaweka kidole kwenye jina hilo.

"Hii Kifaranga ni nani, baba?"

Skrini Nyeusi aliinama akasoma kwa muda mrefu. "Si kazi yangu hii. Inakagua mara ya pili kilichokwisha kukaguliwa. Ifute."

"Labda ni mtu uliyempenda."

"Ningempenda ningemkumbuka," alijibu, bila ubaya wowote.

Kisha akamgeukia kwa heshima, kama mtu anavyomgeukia mgeni. "Samahani, mwenzangu. Wewe unaandika kwa lugha gani?"

Binti alielewa basi kwamba neno alilolifuata halitamfikia tena, hata likisemwa.

"Hii hii yako, mzee."

"Vizuri." Uso wake ulichangamka. "Mimi nina binti. Nilimfundisha mwenyewe, na kichwa anacho, lakini aliniacha akaenda kwa wale. Akija hapa usimwonyeshe kazi hii."

"Na akija kuomba radhi?"

Baba akaitazama tena skrini. Jina la Kifaranga lilikuwa bado mbele ya macho yake.

"Mwambie nimetoka."

"Sawa, mzee."

Binti akaandika daftarini: Kifaranga, hukagua kila kitu mara mbili kabla ya kufunga, isifutwe. Halafu akafungua ukurasa mwingine, kwa kuwa sehemu kumi na moja zilikuwa bado hazijaelezwa, na baba alikuwa ameanza kusinzia.