Kulabu Iliyozimwa Majini

Ncha ya tindo ilivunjika kwa pigo la kwanza. Haikupinda, haikujikunja, ilikatika kama biskuti, kipande kikaruka hadi ukutani. Mchomeleaji aliiokota, akatazama pale ilipokatika. Ndani ilimetameta chembechembe kama sukari.

Asubuhi ile alikuwa ameipasha moto ikawa nyekundu, akaifua upya, kisha akaitosa kwenye pipa la maji ipoe upesi. Na baada ya tindo, kwa moto uleule na pipa lilelile, alikuwa ameikunja upya kulabu ya winchi.

Akageuka upesi kuitazama winchi.

Kulabu ile, ambayo mdomo wake ulikuwa umeachama kwa kubebeshwa mizigo kupita uwezo wake, sasa ilikuwa imening'iniza injini ya lori upande wa pili wa gereji. Chini ya injini alilala chali mdogo wa mumewe, fundi makanika, akifungua boliti.

Mwanamke huyu ameshika nyundo miaka mingi kuliko mwiko. Chuma cha kulabu anakijua: kimeundwa kiwe na subira. Kikizidiwa hupinda kwanza, kikakuonya. Ukikipasha hadi kiive chekundu, halafu ukakizima majini ghafla, kinakuwa kigumu lakini subira yote imekitoka. Siku ya kukatika hakibishi hodi. Yote hayo aliyajua. Ila mwenye lori alikuwa amemsimamia kichwani, na mkono uliozoea pipa haukusubiri kuulizwa.

Akavuka gereji kwa hatua za kunyata, akamwambia shemeji yake atoke.

Shida ya hawa wawili ni utani. Jana tu mchomeleaji alimkurupusha shemejiye chini ya gari kwa kumwambia mama mkwe wake yuko getini, na gereji nzima ikacheka hadi jioni. Kwa hiyo makanika hata kichwa hakugeuza.

"Leo kaja na nani, na baba mkwe?"

Akaipachika spana, akavuta kwa nguvu. Mnyororo ukalia. Injini ikayumba kidogo juu ya kifua chake, ikatulia.

Mchomeleaji alitaka kupiga kelele, akajizuia. Mtu akishtuka hujiinua, na huyu akijiinua angeigonga injini kwa paji la uso. Akapiga magoti sakafuni penye grisi, akainama hadi macho yao yakakutana.

"Baba Pacha," akasema polepole, "kulabu nimeiharibu mimi. Niliizima majini. Toka, usiguse kitu."

Hajawahi kumwita hivyo. Siku zote humwita mume mdogo. Makanika alimtazama, na kicheko kikamkauka mdomoni. Akaiweka spana juu ya tumbo lake, akaanza kujiburuza kwa visigino, kichwa mbele, bega, kiuno, hadi miguu yote miwili ikawa nje.

Walipanga magogo chini ya injini, wakaishusha taratibu. Kisha mchomeleaji akaichomoa kulabu, akaibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo. Mara moja tu. Nusu yake ikaanguka sakafuni.

Makanika aliketi juu ya tairi. Akachukua nati na boliti yake, akajaribu kuzikutanisha, zikamponyoka. Akajaribu tena.

"Shemeji," akasema hatimaye, "nishikie hii."